Barua ya wazi kutoka Mumias: asante zetu, na mtoto wa kitanda cha pili

Kwa Waheshimiwa Magavana wa kaunti za magharibi na ukanda wa Ziwa. Kwa mawaziri wa afya wa kaunti hizo. Kwa Wizara ya Afya na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Na kwa wasimamizi wa kila hospitali yenye wodi ya watoto wagonjwa wa saratani.

Hamjambo, waheshimiwa.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Mumias, nashona sare za shule. Mume wangu anaendesha bodaboda, stendi yake iko Ekero. Mungu ametujalia watoto watatu, na barua hii inamhusu wa pili, kijana wa miaka saba. Wiki iliyopita alirudi shuleni baada ya miezi mitano, amevaa kofia ya sufi kwa kuwa nywele bado ni za kuhesabika. Saa nne mwalimu wake akanipigia simu. Nilipoona nambari yake, mkasi ulinianguka. Kumbe alitaka tu kuniambia kwamba mtoto amemaliza uji na ameomba aongezwe.

Nawaandikia kwa sababu kuna watu wa kushukuriwa, nami nataka mwajue. Pia kuna mtoto mmoja ambaye hakurudi wodini, na kwa huyo naomba msaada wenu.

Ilianza na jino. Jioni moja mwanetu alikuwa anatafuna mahindi ya kuchemsha, akasema, "Mama, jino linacheza." Mtoto wa umri wake kung'oka meno ni jambo la kawaida, kwa hivyo tulicheka, na kukhu wake, yaani nyanya yake, akamwambia likitoka alirushe juu ya paa. Nisichokiangalia ni kwamba lilikuwa gego, jino la nyuma, na la jirani yake nalo lilikuwa limelegea. Wiki haikuisha, shavu likaanza kujaa. Kliniki ya kwanza tulipewa dawa za maumivu na za kuua viini. Ya pili waling'oa jino. Uvimbe uliendelea kukua, hata nikimvua shati jioni naona shavu si lile la asubuhi. Siku ya ishirini jicho la kushoto likaanza kusukumwa nje. Sitaji kliniki hizo wala sitaki mtu aadhibiwe. Walimwona mtoto mwenye jino bovu, wakamtibu jino. Hata mimi niliyemzaa niliona jino.

Aliyetushtua ni daktari mmoja kijana, aliyekuwa bado kwenye mafunzo. Aliangalia shavu, akamlaza mtoto, akambonyeza tumbo taratibu, kisha akaniuliza kama nimegundua kwamba tumbo nalo limekuwa gumu. Sikuwa nimegundua. Akaandika barua ya rufaa papo hapo, akasema, "Mama, msilale nyumbani leo."

Kipande cha uvimbe kilipokatwa na kupelekwa maabara, jibu lilirudi: saratani ya Burkitt. Sikuwahi kulisikia jina hilo maishani, na jambo hili linaniuma mpaka leo, maana ni ugonjwa wa kwetu. Uliandikwa na daktari mpasuaji Denis Burkitt mwaka wa 1958, baada ya kuwaona watoto wenye taya zilizovimba nchini Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Busia. Huwapata watoto wa maeneo yenye malaria nyingi kama haya yetu, na unahusishwa na kirusi cha Epstein-Barr kilichogunduliwa mwaka wa 1964, ambacho watoto wengi wa huku hukipata wakiwa wachanga bila hata kuugua. Daktari wa wodi alinieleza kwamba seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Akachukua maharagwe kwenye sahani yangu ya chakula, akaweka moja, akaweka mawili, manne, manane. Nilipohesabu siku ishirini za jino, sahani haikutosha.

Lakini akaniambia na la pili. Kwa sababu unakimbia hivyo, dawa nazo huukamata upesi. Ni miongoni mwa saratani za watoto zinazopona, ilmradi mtoto aanze mapema na amalize dozi zote. Hilo la kumaliza dozi alilirudia mara tatu, nikadhani ananiona sijasoma. Baadaye nilielewa kwa nini alirudia.

Sasa niwaambie kuhusu daftari.

Ni daftari la kurasa 96, lile la watoto wa shule, jalada la kijani. Lilinunuliwa na mwenyekiti wa stendi ya Ekero usiku uleule tuliolazwa. Mume wangu alikuwa amempigia kuomba tu aangaliziwe pikipiki. Asubuhi yake kundi la WhatsApp lilikuwa limefunguliwa, mweka hazina amechaguliwa, na waendeshaji wamekubaliana kwamba pesa yote ya Alhamisi hiyo, tangu alfajiri hadi saa nne, ni ya mtoto. Watu wa bodaboda hutupiwa maneno mengi na baadhi yenu. Mimi nimeshika mkononi noti zao za hamsini hamsini, zenye mafuta ya mnyororo.

Mstari wa kwanza wa daftari hilo ni shilingi 20, za mzee anayeshona viatu mkabala na duka langu. Alizileta kwa miguu mpaka stendi kwa kuwa hana simu. Sitawataja kwa majina, wengi waliniomba nisiwataje, lakini mweka hazina ameandika kila mmoja kwa kazi yake au kwa mtoto wake, na mimi nikisoma nawaona. Mama wa mihogo ya Shibale, 100. Vibarua wa miwa, wanne, 200. Mama wa omena, 150, na kwenye mabano: "na kikombe cha omena kwa mgonjwa". Darasa lake la Gredi ya Pili walileta sarafu kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Mwalimu alizihesabu zikawa 413, na aliandika 413, hakuandika 400. Sisi ni watu wa kanisa, lakini Ijumaa baada ya sala msikiti nao ulipitisha ndoo, na imamu akaileta mwenyewe bila kutoa hata sarafu ya nauli yake. Chama chetu cha akina mama kina zamu. Yangu ilikuwa ya tisa, wakanipa ya kwanza, na yule aliyekuwa wa kwanza alikuwa anangoja pesa hizo aezeke nyumba.

Jumapili ya harambee yenyewe kukhu alitoa jogoo wake apigwe mnada. Aliyemnunua akamrudisha mezani auzwe tena. Wa pili akafanya vivyo hivyo, na wa tatu. Wa nne akamnunua, akamkumbatia, akaenda naye mpaka alipokaa kukhu na kumwekea mapajani. Nilionyeshwa kwenye simu nikiwa wodini. Jogoo huyo yuko hai, na asubuhi bado anatuamsha.

Waheshimiwa, pesa hizo zilifanya nini? Naomba mlisome hili polepole. Za kwanza kabisa zililipa mchango wetu wa SHA. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, sisi tusio na mshahara tunatakiwa tulipe mchango wa mwaka mzima, na kwa kazi zetu sisi wawili mwaka mzima hauwi mfukoni kwa siku moja. Tulipolipa, kadi ilituvusha. Nashukuru, na sitaki mtu asome barua hii akaacha kujiandikisha. Shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka za matibabu ya saratani, na nyingine 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu na mahututi, kama ilivyokuwa mwaka wa 2025, zilikuwa msaada mkubwa kwa fundi cherehani.

Lakini mtoto hatibiwi kwa kadi peke yake. Nauli ya kwenda na kurudi kila baada ya wiki mbili, watu wawili, na mmoja kichefuchefu kimemshika, hatuwezi kupanda matatu ya watu kumi na wanne. Ilibidi tuombe gari. Chakula changu, kwa kuwa mgonjwa ndiye anayepewa sahani. Siku za kungoja damu ipande, yaani chembe zake zilizopunguzwa na dawa ziongezeke tena, ambapo mtoto hana kitanda lakini hawezi kurudi Mumias, tukalipia chumba. Kipimo kimoja tulitumwa nje tukakilipe. Na mara mbili dawa iliisha.

Niwaeleze mara ya pili. Dawa yenyewe ni vinkristini, ya saratani, kichupa kidogo kuliko kidole changu cha shahada. Ni dawa ya miaka mingi, si ya juzi. Duka la hospitali halikuwa nayo, tukaandikiwa tukatafute. Mume wangu alizunguka maduka ya dawa tangu asubuhi, akaipata saa tisa. Aliyemuuzia akamwambia isipate joto, wala isigandishwe. Akanunua chupa ya chai, akaomba barafu kwa muuza soda, akakizungushia kichupa kile gazeti na kitambaa, akakibeba kifuani kwenye pikipiki. Alipoingia wodini mikono ilikuwa inamtetemeka, akashindwa kufungua kizibo. Sista akamfungulia. Hospitali siitaji, na masista wa wodi ile nawapenda kama ndugu zangu. Nasema tu kwamba siku hiyo dozi ya mwanangu ilitegemea barafu ya muuza soda.

Nyuma ya daftari lile, nikilianza kutoka mwisho, kuna maandishi yangu. Dawa ya kwanza ikiingia, uvimbe huyeyuka kwa kasi, na uchafu wake unaweza kuharibu figo. Kwa hivyo pamoja na dripu, mtoto anywe maji, akojoe, na mama ahesabu. "Maji vikombe 6, mkojo mara 5." "Maji 7, mkojo 4, nimwambie sista." Kurasa kumi na moja. Michango inakuja kutoka mbele, maji yanakuja kutoka nyuma, na katikati zimebaki kurasa chache nyeupe. Sindano za mgongoni sitaki kuzieleza. Alikuwa anashika ncha ya leso yangu, na leso hiyo sijaifua.

Kitanda cha pili kutoka kwetu alilazwa mtoto mwingine, wa miaka mitano. Ugonjwa ni uleule, wake ulikuwa tumboni. Mamake ni msichana mdogo, ametoka pande za Ziwa, ameolewa mbali na kwao. Alikuja na leso moja na mfuko wa plastiki. Hakuwa na chama. Mumewe alikuwa amekwenda kutafuta kazi na simu yake ilikuwa inaingia leo, kesho haiingii. Hakukuwa na mtu wa kununua daftari. Tuligawana ugali, tukagawana sabuni, na usiku mmoja akilala mimi namhesabia wake maji, nikilala yeye ananihesabia wangu.

Mtoto wake alipata nafuu haraka kuliko wa kwetu. Baada ya dozi ya pili tumbo lilikuwa limelainika, anakimbia wodini, anaiba viatu vya madaktari. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu macho yanasema amepona. Nyumbani alikuwa ameacha mtoto mchanga kwa jirani, na mvua ya kupanda ilikuwa imeanza. Akaniambia, "Dada, naenda kuwaona, nitarudi nikipata nauli." Nilimpa nilichokuwa nacho, ambacho hakikuwa kingi, kwa kuwa kila shilingi iliyo kwenye daftari ina mwenyewe na niliona haya kutoa bila kuwauliza. Najuta kuona haya kule.

Siku ya dozi ya tatu kitanda kilikuwa kitupu. Sista alipiga simu. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani. Alipiga wiki nzima, nami nilipiga kwa simu yangu. Ndipo nilipoelewa kwa nini daktari alirudia mara tatu kuhusu kumaliza dozi. Alikuwa ameona vitanda vingi vya namna hiyo.

Waheshimiwa, mwanangu na mtoto yule walikuwa na ugonjwa mmoja, daktari mmoja, dawa moja. Kilichowatofautisha ni kwamba sisi tunajulikana. Nimeshona sare za nusu ya Gredi ya Pili. Mume wangu amewabeba wake za watu wakiwa na uchungu wa kujifungua saa nane za usiku. Watu wa Mumias walitulipa wema, na Mungu awalipe. Ila mtoto hapaswi kupona kwa sababu mamake ana wateja.

Wazee wetu wanajua harambee. Miaka ya sabini wakulima wa huku walichangia WECO, chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1972, na leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro pale Kakamega. Waliochanga wakazeeka, wengine wamekufa, na watoto wa watu wasiowajua bado wanasoma mle. Harambee ya bili ya hospitali haiachi jengo. Mwanangu amepona, asante, na kesho mtoto wa mwingine atavimba taya, nao bodaboda walewale watatakiwa kutoa Alhamisi nyingine, na mzee wa viatu shilingi 20 nyingine. Tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kiwekwe chini ya mrasimu, msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni, mwaka wa 2019, mnajua hali ya mifuko ya huku. Watu hawa watatoa tena, nawajua. Ninawaombea wapumzike kidogo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe, makao na huduma ya afya. Mimi si mwanasheria, lakini neno "kila" nalielewa.

Kuna mambo ambayo nimeyaona kwa macho yangu kwamba yanawezekana. Nauli ya yule mama haikufika bei ya viatu vyangu, na dozi mbili ambazo serikali ilikuwa imeshazilipia zilipotea kwa kuikosa. Wekeni pesa ya nauli kwenye wodi za watoto wa saratani, ilipwe mama akitoka, aondoke akiwa na ya kurudia. Wekeni chumba chenye magodoro karibu na hospitali, hata kama ni cha mabati, mama na mtoto wangojee damu ipande bila kulipishwa. Dawa za saratani hii, vinkristini, siklofosfamidi na methotreksati, zihesabiwe kabla hazijaisha. Mimi uzi mweusi nauagiza ukibaki wa wiki mbili, kwa kuwa najua shule zinafunguliwa lini, nanyi mnajua watoto wenu wa wodini wanarudi tarehe gani, imeandikwa kwenye faili. Na tafadhali, kila zahanati na kila kiti cha daktari wa meno kutoka Migori hadi Bungoma kiwe na karatasi ukutani, kwa Kiswahili na kwa lugha za huku, yenye picha ya taya: gego likicheza kwa mtoto na shavu likajaa, using'oe, mpeleke leo. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa kaunti za ukanda wetu mwaka wa 2019 kitinda mimba wetu ameipata, nanyi nawashukuru kwa hiyo. Isikatike.

Katika daftari zimebaki shilingi 14,650. Tulikutana stendi Jumamosi iliyopita, kamati yote, nikawaeleza kuhusu kitanda cha pili. Hakuna aliyebisha. Mweka hazina ameandika kwenye moja ya zile kurasa nyeupe za katikati: "Nauli ya mtoto wa Ziwa, arudi amalize." Mume wangu yuko tayari kwenda mwenyewe, ila hatujui pa kwenda, na hospitali haiwezi kunipa mimi anwani ya mgonjwa wa mtu, na ni haki yake.

Ninyi mnaweza. Faili lake lipo, na ndani yake kuna jina la kijiji na la chifu. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa nchi nzima, wakapewa mkoba na simu, kila mmoja na nyumba zake za kutembelea. Mmoja wao anaujua mlango wa yule mama. Mtumieni ujumbe leo, aende, amwambie kwamba nauli ipo Mumias, na kwamba asiogope kuulizwa kwa nini alikaa.

Wenu,
Mama wa kijana wa Gredi ya Pili, kwa niaba ya familia,
Mumias